Aliyeitwa Tena Hajahukumiwa: Hotuba kuhusu Kolposkopi kwa Akina Mama na Masheha wa Chake Chake

Ndugu mwenyekiti, masheha wetu, wahudumu wa afya ya jamii, mama zangu na dada zangu mliotoka Wawi, Vitongoji, Pujini, Ziwani na shehia nyengine za wilaya hii, Assalaamu alaykum.

Nimeombwa nizungumze juu ya kolposkopi, yaani uchunguzi wa karibu wa shingo ya kizazi, na nitaanza na suali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko jengine lolote katika miaka yangu ya ukunga. Mwanamke anapoingia chumbani na kukiona chombo kile kimesimama juu ya mguu wake wa chuma, kina macho mawili ya kutazamia na taa kali mbele yake, huniuliza kwa sauti ya chini: "Kitu chote hicho kinaingia ndani?" Hakiingii. Kolposkopu hukaa nje ya mwili, kiasi cha sentimita 30 kutoka kwa anayepimwa, na wala haimgusi. Kinachoingia ni spekulamu, kile kifaa kinachofanana na mdomo wa bata, ambacho kila mama aliyewahi kuwekewa kitanzi cha uzazi wa mpango au kupimwa kwa siki anakijua tayari. Kolposkopu yenyewe ni darubini yenye taa, inayokuza shingo ya kizazi kuanzia mara 6 hadi kiasi cha mara 40, ili mtaalamu aone ngozi yake na mishipa yake midogo ya damu kwa namna ambayo jicho tupu haliwezi.

Nimelitanguliza suali hilo kwa sababu hofu iliyomo ndani yake ndiyo inayotupotezea wanawake. Wanakuja kwenye uchunguzi wa kwanza, wanapimwa kwa siki au wanachukuliwa sampuli ya virusi vya papiloma, wanaambiwa kuna kitu kinachohitaji kuangaliwa zaidi, na baada ya hapo hatuwaoni tena. Neno "kuitwa tena" limekuwa kama hukumu iliyokwisha kusomwa. Ninachotaka mwondoke nacho leo ni kwamba mwanamke aliyeitwa kwenye kolposkopi hajaambiwa kuwa ana saratani. Ameambiwa kuwa kipimo cha kwanza kimeshuku jambo, na kwamba sasa panatakiwa macho yaliyo karibu zaidi yaangalie jambo lenyewe ni lipi.

Saratani ya shingo ya kizazi husababishwa, takriban katika kila mgonjwa, na virusi vya papiloma vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, ambaye kundi lake lilivitambua aina ya 16 na ya 18 ndani ya uvimbe wa saratani hiyo katika miaka ya 1983 na 1984, alitunukiwa Nobeli mwaka 2008, na aina hizo mbili peke yake ndizo chanzo cha kiasi cha asilimia 70 ya saratani hii duniani. Lakini virusi hivi ni vya watu wengi mno. Wanaume na wanawake walio wengi huvipata wakati fulani wa maisha yao, na miili yao huvifukuza wenyewe, mara nyingi ndani ya miaka miwili, bila ya mtu kujua kuwa aliwahi kuwa navyo. Mwanamke ambaye kipimo chake kimeonesha virusi hajathibitishiwa uzinzi, wala mumewe hajathibitishiwa, kwani virusi hivyo vinaweza kuwa vililala mwilini kwa miaka mingi tangu ndoa iliyopita au hata mwanzoni mwa ndoa hii. Ninaliweka wazi jambo hili mbele ya masheha kwa makusudi, kwa sababu nimeona nyumba zikivunjika kwa karatasi ya maabara iliyosomwa vibaya.

Virusi visipoondoka, hukaa mahali maalumu, na mahali hapo ndipo kolposkopu inapoelekezwa. Shingo ya kizazi ina ngozi za aina mbili. Upande wa nje kuna ngozi ngumu ya tabaka nyingi, yenye rangi ya waridi. Upande wa ndani, kwenye mfereji wa kuelekea fuko la uzazi, kuna ngozi laini ya tabaka moja, nyekundu, inayotoa ute. Zinapokutana kuna mstari, na mstari huo haukai mahali pamoja maisha yote. Sisi watu wa pwani tunaweza kuufahamu kwa mfano wa maji. Maji yakijaa hufika pale palipolala mwani mkavu, yakipwa hurudi mbali, na baina ya mistari hiyo miwili kuna ukanda ambao leo ni bahari na kesho ni mchanga. Msichana anapobaleghe na mwanamke anapozaa, ngozi laini hutoka nje zaidi. Kadiri miaka inavyokwenda hugeuka kuwa ngozi ngumu, na mstari hurudi ndani. Ukanda huo wa mageuzi, baina ya mstari wa zamani na mstari mpya, ndimo karibu saratani zote za shingo ya kizazi zinamoanzia.

Ukiufahamu ukanda huo utafahamu mambo mawili yanayowasumbua wengi. La kwanza ni kwamba kwa msichana, au kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, ule wekundu unaoonekana kwenye shingo ya kizazi ni ngozi laini iliyotoka nje kwa maumbile, na si haki kumwambia kuwa ana kidonda na kumpa dawa mwezi hadi mwezi. La pili ni kwamba kwa mama aliyekoma hedhi maji yamekupwa sana: mstari umeingia ndani ya mfereji, na hata kolposkopu iliyo nzuri haiwezi kuuona wote. Mtaalamu mwaminifu huandika kuwa eneo halikuonekana lote, na kupanga njia nyengine ya kuchukua seli za ndani, kuliko kumwambia mama huyo kuwa yuko salama kwa sehemu iliyoonekana. Shirika la Afya Duniani linahimiza mwanamke aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 30, na kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze akiwa na miaka 25, kwa kuwa hatari yake ya saratani hii ni kiasi cha mara sita ya mwengine. Asingoje uzee.

Sasa niwaeleze kinachofanyika, kwa sababu anayejua kitakachomfika hupungukiwa na woga. Mama hulala juu ya kitanda, akafunikwa kwa shuka au kwa kanga yake mwenyewe, na spekulamu ikawekwa taratibu. Mtaalamu hutazama kwanza kwa maji ya chumvi tu, na huweka kioo cha kijani mbele ya taa, kwani chini ya mwanga wa kijani mishipa ya damu huonekana myeusi na hapo maumbo yake husomeka. Kisha hupaka siki iliyopimwa, yenye nguvu ya asilimia 3 hadi 5, na kungoja kiasi cha dakika moja. Siki hiyo hugandisha kwa muda protini za ndani ya seli. Seli iliyobadilika ina kiini kikubwa na protini nyingi, kwa hiyo hairuhusu mwanga upite, nayo hugeuka nyeupe. Nyeupe hiyo ina daraja zake. Iliyo hafifu na inayofifia haraka mara nyingi ni mabadiliko madogo, au ni ngozi changa inayokua, au uvimbe wa kawaida. Iliyo nzito, yenye kingo zilizokatika wazi na inayokawia kuondoka, hutia wasiwasi zaidi. Mishipa nayo huangaliwa: ikiwa ni nukta zilizo mbalimbali na kubwa, au imepangika kama vigae vya sakafu visivyolingana, au imepinda, imenenepa na kukatika ghafla, basi kila hali ina maana yake.

Mara nyingi hufuata maji ya ayodini. Ngozi nzima ina akiba ya wanga ndani ya seli zake, na wanga huo hunywa ayodini ukawa kahawia iliyokolea kama mbao ya mninga, ilhali sehemu iliyobadilika, kwa kuwa imekwisha kutumia akiba yake, hubaki na manjano ya bizari. Aliyewahi kudhurika na ayodini aseme mapema, asifanyiwe hatua hiyo. Kila kinachoonekana huchorwa kwenye fomu kwa kufuata namba za uso wa saa, na hapa ninawakumbusha wauguzi wenzangu waandike namba zilivyo ukutani: juu kabisa ni 12, ingawa sisi tukiitazama tunasema saa sita. Nimewahi kuona fomu mbili za mama mmoja zikipingana kwa sababu hiyo tu.

Kazi yote hiyo huchukua dakika 10 hadi 20. Haihitaji ganzi wala kulazwa. Siki huleta mwasho mdogo unaopita. Kinachotakiwa kabla yake ni mwanamke ajiepushe na tendo la ndoa, asijikoshe kwa ndani wala asiweke dawa ukeni kwa siku moja au mbili, na miadi yake isiangukie siku za hedhi nzito. Mjamzito anaweza kufanyiwa kolposkopi bila ya madhara kwa mtoto. Kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa, ndiko huahirishwa, isipokuwa pakiwa na shaka ya saratani yenyewe.

Mtu aliyekibuni chombo hiki ni daktari wa Kijerumani, Hans Hinselmann, huko Hamburg mwaka 1925. Historia yake haifai kusimuliwa nusu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili alihukumiwa kifungo kwa kushiriki kuwafunga uzazi kwa nguvu wanawake wa Kiroma, na katika kambi ya Auschwitz kolposkopi ilitumiwa juu ya miili ya wafungwa wa kike ambao hakuna aliyewauliza. Chombo ni chema, na kimeokoa wanawake wengi mno tangu wakati huo, lakini mimi kila ninapokiwasha nakumbuka kuwa kiliwahi kutumika bila ya ridhaa. Kwa hiyo ridhaa, katika chumba chetu, ni zaidi ya sahihi kwenye karatasi. Mama aelezwe kwa lugha anayoifahamu. Aoneshwe spekulamu kabla haijatumika. Aambiwe kuwa akisema "basi" tutasimama. Na mlango ufungwe kwa ndani, pasiingie mwanafunzi wala mgeni ambaye hakumkubali mwenyewe. Stara ni haki yake, na pale ambapo mwanamke anataka apimwe na mwanamke mwenzake, tujitahidi kulipanga hilo badala ya kumwona msumbufu.

Baada ya kuangalia, mtaalamu akishuku huchukua kinyama, yaani vipande vidogo, aghalabu viwili hadi vinne, kila kimoja kikubwa kama punje ya mchele, kutoka pale palipobadilika zaidi. Wengi husikia mbano mfupi, na baadhi husikia maumivu ya tumbo kama ya hedhi. Dawa ya kukausha damu inayopakwa hapo huacha uchafu wa rangi nyeusi kama kahawa kwa siku chache, na ninaomba mama aambiwe hilo kabla, maana wapo waliorudi usiku wakilia kwa kudhani wanaoza. Damu kidogo itakayotoka ni ya jeraha, na kama tulivyofundishwa chuoni, damu ya jeraha si hedhi. Ninalisema kwa kuwa niliwahi kukutana na bibi aliyeacha sala kwa siku tano baada ya kutolewa kinyama, na hakuna aliyemwambia neno.

Jicho pekee, hata la mzoefu, hukosea. Wataalamu wawili wanaweza kutazama shingo moja na kuipa daraja mbili tofauti. Kwa hiyo jibu la mwisho hutoka kwenye hadubini, pale kinyama kinapokatwa vipande vyembamba na kusomwa na daktari wa patholojia, ambaye huyagawa mabadiliko katika daraja tatu. Daraja la kwanza kwa kawaida huondoka lenyewe, na kulikimbilia kwa tiba ni kumuumiza mtu bure, hufuatiliwa tu. La pili na la tatu hutibiwa. Tunajua linavyokwenda daraja la tatu likiachwa, na tunajua kwa njia ya huzuni: katika hospitali moja ya Auckland, New Zealand, kuanzia miaka ya 1960 wapo wanawake walioachwa bila ya tiba ya kutosha huku wakitazamwa tu, na baadaye ilipohesabiwa, kiasi cha 30 katika kila 100 wa waliokuwa hivyo walipata saratani ndani ya miaka 30. Miongoni mwa waliotibiwa ipasavyo, hakufika hata mmoja katika 100.

Tiba yenyewe ni ya kazi ndogo kuliko jina lake. Eneo dogo linaloonekana lote laweza kugandishwa kwa baridi kali, au kuchomwa kwa kifaa cha joto kinachopita nyuzi 100 kwa muda usiofika dakika moja. Lililo kubwa au linaloingia ndani ya mfereji hukatwa kwa kitanzi chembamba cha waya wa umeme, chini ya ganzi, na mama akarudi nyumbani siku ile ile. Kizazi hakiondolewi, na uwezo wa kuzaa hubaki, ingawa aliyekatwa kipande kirefu amwambie mkunga wake akipata mimba, kwani uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati huongezeka kidogo. Mumewe naye avumilie wiki nne hadi sita. Tulinganishe na yule anayekuja akiwa tayari ana saratani iliyoenea, anayepaswa kuvuka bahari hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akae huko wiki kadhaa kwa mionzi, na watoto wagawiwe kwa shangazi na bibi.

Na sasa nifike kwenye jambo letu hasa, la kisiwa hiki. Si kila doa linaloonekana chini ya kolposkopu hapa Pemba linatokana na virusi. Sisi tumekulia kwenye mabonde ya mpunga na vijito. Tumeoga humo, tumefua humo, na watoto wetu wanavuka humo kwenda skuli. Kichocho tunakijua kwa mkojo wa damu, na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyopo hapa Wawi tangu mwaka 2000, imefanya kazi kubwa juu yake. Lakini mayai ya minyoo ya kichocho hayaishii kwenye kibofu. Kwa mwanamke huingia pia ukeni na kwenye shingo ya kizazi, yakakwama ndani ya nyama na kuacha mabaka yenye chembe kama mchanga, ya rangi ya manjano, pamoja na mishipa ya damu isiyo ya kawaida. Mwanamke huyo hutoka damu baada ya tendo la ndoa, huwa na uchafu na maumivu, na wakati mwengine hukosa mtoto. Dalili zake ni zile zile za magonjwa ya zinaa, kwa hiyo hupewa dawa za zinaa, zisimfae, akapewa tena.

Nilimpokea mmoja wa namna hiyo. Alikuwa ameshatibiwa zinaa mara nne, katika vituo ambavyo sitavitaja, na mara ya nne mumewe alikuwa ameshaondoka. Tulipomtazama kwa kolposkopu tuliyaona mabaka ya mchanga yametapakaa, na yeye mwenyewe nikamwonesha kwenye skrini. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: "Kumbe ni maji ya bondeni?" Alipewa prazikwanteli, dawa ile ile wanayopewa watoto skuli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Dawa huua minyoo. Mabaka yaliyokwisha kujengeka huenda yakabaki, na ndiyo sababu ya kutibu mapema. Sijapata kusahau kwamba miaka yote ile ya aibu ingeweza kukatwa kwa dakika 15 za kutazamwa vizuri. Ninawaomba wahudumu wenzangu: mama akieleza dalili hizo, mwulizeni alikulia wapi na maji aliyoyatumia, kabla ya kumwuliza juu ya mumewe.

Kwa masheha nina ombi la pekee. Simu nyingi tunazoandikiwa kwenye daftari ni za mume, za kaka au za jirani. Tukipiga kumwita mwanamke arudi, habari hupita mikononi mwa watu watatu kabla haijamfika, na inapomfika imeshakuwa kubwa. Mkitakiwa kufikisha ujumbe, ufikisheni kwake mwenyewe, kwa mdomo, kwa maneno haya tu: kituo kinakuhitaji siku fulani. Isitumike spika ya msikiti, wala mtoto asitumwe na karatasi iliyo wazi. Na kwa waume waliopo hapa, nauli ya kwenda na kurudi ndiyo kikwazo ambacho wake zenu hutueleza sisi na hawakuelezeni nyinyi.

Wapo walioniuliza kuhusu Ramadhani. Kwa kuwa wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo huhesabu kuwa kinachoingizwa ukeni hufunguza, mwenye shaka juu ya saumu yake aombe miadi ya baada ya Ramadhani. Mabadiliko haya ya awali kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani, ingawa kwa mwenye kinga dhaifu yaweza kuwa 5 hadi 10, na mwezi mmoja haumdhuru aliyepangiwa uchunguzi. Anayetoka damu isiyo ya kawaida, hasa aliyekoma hedhi, huyo asingoje mwezi wala wiki.

Kuhusu chanjo, ambayo Tanzania iliianza mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14 na ambayo tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14, nitasema tu kuwa binti apelekwe, na mama yake aliyemshika mkono naye achunguzwe siku hiyo hiyo ikiwezekana, kwani chanjo haitibu kilichokwisha kuingia.

Nimekuja na spekulamu mpya ambayo haijatumika, na picha za shingo ya kizazi kabla na baada ya siki, zikiwemo za mabaka ya kichocho. Zipo kwenye meza ya chumba cha pili, upande wa akina mama, na wanaume wataoneshwa zao peke yao na ndugu yetu daktari. Anayetaka kuuliza mbele ya watu aulize sasa; asiyetaka aandike kwenye kipande cha karatasi bila ya jina, na nitayasoma yote kabla hatujaondoka.